Maji ya Uti wa Mgongo Yaliponyamaza

Tarehe 30 Januari 1962, siku 52 baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha walianza kucheka, wakashindwa kuacha. Shule ilikuwa na wanafunzi 159. Hadi 18 Machi, siku ilipofungwa, wanafunzi 95 walikuwa wameshapatwa, na kati ya walimu watano hakuguswa hata mmoja. Mwezi Mei shule ikafunguliwa tena, wakapatwa wengine 57, ikafungwa kwa mara ya pili mwishoni mwa Juni. Wakati huo kicheko kilikuwa kimeshahamia Nshamba, kimefika pembezoni mwa mji wa Bukoba, kinapita kijiji hadi kijiji. Ripoti ya madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, iliyochapishwa mwaka 1963 katika jarida la tiba la Afrika ya Kati, ilifuata mkondo wa kisa hiki; kwa jumla inakadiriwa kwamba watu wapatao 1,000 walipatwa na shule 14 zikafungwa. Kashasha na Nshamba leo ziko Muleba, lakini enzi hizo Muleba ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Bukoba, ndiyo maana kisa chenyewe kinajulikana duniani kwa jina la Bukoba. Wahaya walikiita endwara y'okusheka, yaani ugonjwa wa kucheka.

Dunia imekichukua kisa hiki kwa namna mbili, na zote mbili zimekipunja. Ya kwanza ni ya watu wa utani: wasichana wa Kiafrika walisikia kichekesho kimoja, wakacheka mwaka mzima. Hiyo haihitaji kujibiwa kwa urefu. Mwaka 2007 Christian Hempelmann, mtafiti wa vichekesho, aliirudia ripoti ya 1963 na kuonyesha kwamba hapakuwa na utani wala furaha, na kwamba hakuna mtu aliyecheka miezi mfululizo. Kwa mgonjwa mmoja hali haikuzidi siku 16. Namna ya pili ni ya wasomi, nayo ina heshima zaidi, kwa hiyo ina hatari zaidi. Inasema madaktari walipima, hawakukuta mdudu wala sumu, kwa hiyo hapakuwa na ugonjwa: ilikuwa histeria, mambo ya akilini tu. Neno ninalogombana nalo ni hilo dogo la mwisho, “tu”. Ushahidi wa 1962, ukisomwa pamoja na historia ya tiba ya pwani ya Ziwa Viktoria, iliko Bukoba yenyewe, unaonyesha kwamba Wahaya walioliita jambo hilo endwara walikuwa karibu na ukweli kuliko waliosema hakuna kitu. Majibu safi ya maabara yalieleza swali gani liliulizwa. Hayakueleza kama wasichana walikuwa wazima.

Tuanze na mgonjwa mwenyewe, maana ndiye anayesahaulika. Ripoti inamchora hivi: amekutana siku za karibuni na mtu mwenye hali hiyo, baada ya saa chache au siku chache anashikwa ghafla, anacheka na kulia kwa dakika kadhaa au saa kadhaa, anatulia, kisha hali inarudi. Hatulii mahali pamoja, na akishikwa kwa nguvu anapigana. Wengine walisema kuna vitu vinatembea kichwani. Wengine waliogopa kwamba kuna mtu anawafukuza. Daktari akimmulika macho, mboni zinaonekana zimepanuka kuliko za watu wenye afya waliolinganishwa naye, ingawa zinasinyaa mwanga ukizifikia kama inavyotakiwa. Akigonga chini ya goti kwa nyundo yake ndogo, mguu unaruka kupita kiasi. Shingo haijakakamaa, hakuna degedege, hakuna kuzimia. Hakuna aliyekufa. Hebu msomaji atue kwenye mboni hizo. Mtu anaweza kujilazimisha kucheka, anaweza kujiliza, lakini hawezi kuamuru mboni zake zipanuke. Mboni hutawaliwa na mishipa ya fahamu isiyongoja amri yetu, ileile inayoupiga moyo mbio na kukausha mate wakati wa hofu. Aliyesema wasichana wa Kashasha walijifanya anapaswa kwanza kueleza walijifunzia wapi kazi hiyo.

Madaktari hawakuwa wazembe. Walifikiria sumu katika chakula, wakafikiria virusi vinavyoshambulia ubongo, wakachukua damu, wakachoma sindano mgongoni na kutoa maji ya uti wa mgongo. Maji yalikuwa safi. Ili kuelewa kwa nini majibu hayo yalipewa uzito mkubwa namna ile, inabidi kurudi nyuma miaka 60, kwenye ziwa lilelile. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale ilikuwa inaua watu kwa maelfu mengi upande wa Uganda. Entebbe, kati ya 1902 na 1903, daktari kijana Mwitalia, Aldo Castellani, alitoa maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, akayaweka chini ya hadubini, akaona vimelea vinacheza. Ugonjwa uliokuwa ukimfanya mtu asinzie mchana, akeshe usiku, abadilike tabia hadi nduguze wasimtambue, sasa ulikuwa na mwenyewe anayeonekana kwa jicho. Robert Koch akafuata mwaka 1906, akapiga kambi Visiwa vya Ssese na kuwatibu watu kwa dawa ya atoksili iliyowapofusha baadhi yao. Upande wa Wajerumani, kambi ya malale ilifunguliwa Kigarama, katika nchi ya Kiziba kaskazini mwa Bukoba, kwa sababu vijana waliokwenda kufanya kazi Uganda walikuwa wanarudi nyumbani na ugonjwa. Watu walipangwa mstari, wakapapaswa tezi za shingo. Mwenye tezi zilizovimba alichomwa sindano kutafuta kimelea.

Mafanikio ya namna hiyo huacha alama katika fikra za taaluma. Ziwa lilikuwa limewafundisha madaktari kwamba tabia ya mtu ikiharibika bila sababu, mhalifu yuko ndani ya maji ya uti wa mgongo, na ukiwa na hadubini na subira utamkamata. Lilikuwa somo zuri, tena la kweli kwa malale. Lakini somo hilo lilikuja na mkia wake: mhalifu asipoonekana, basi hapana kesi. Mwaka 1962 maji yaleyale yaliulizwa swali lilelile, na safari hii yakanyamaza. Ukimya huo ukahesabiwa kuwa jibu. Wakati huohuo, mbali kabisa, katika milima ya Papua Guinea Mpya, kulikuwa na onyo ambalo wachache waliliunganisha na Bukoba. Mwaka 1957 Vincent Zigas na Carleton Gajdusek walikuwa wametangaza kuru, ugonjwa wa watu wa Fore ulioanza kwa kutetemeka na kuyumba, ukaja na vicheko visivyo na sababu, kisha kifo. Magazeti yakauita kifo cha kucheka. Maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa kuru nayo yalikuwa safi, na wako waliodhani ni woga wa uchawi. Mwaka 1966 ilithibitika kwamba sokwe wanaweza kuambukizwa ugonjwa huo, na baadaye chanzo kikajulikana kuwa ni protini iliyojikunja vibaya, kitu ambacho hadubini ya Castellani isingekiona hata kingekaa chini yake mwaka mzima.

Silinganishi Kashasha na kuru kwa matokeo. Kuru iliua wote iliowapata, na kicheko cha Bukoba kiliwaacha wote hai. Ninachokilinganisha ni uzito wa neno “safi”. Maji yale ya uti wa mgongo hayakuwa matupu. Leo tunajua kwamba katika maji hayo, katika damu, katika mate na hata katika maziwa ya mama, vinaelea vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli karibu zote za mwili. Vingi vina upana wa nanomita 30 hadi 150, ilhali hadubini ya kawaida inayotumia mwanga haitenganishi vizuri kitu kilicho chini ya nanomita 200 hivi. Mwaka 1967, miaka mitano tu baada ya Kashasha, Peter Wolf huko Uingereza alieleza chembechembe zinazotoka kwenye chembe sahani za damu, akaziita vumbi. Jina lenyewe linaonyesha jinsi zilivyodharauliwa. Katika miaka ya 1980 Rose Johnstone na wenzake huko Montreal, wakichunguza chembe changa za damu ya kondoo, waliona seli zikitoa vifuko hivyo kwa utaratibu, lakini kwa muda mrefu vilidhaniwa kuwa takataka ambazo seli inajipunguzia. Mwaka 2007 watafiti wa Gothenburg, Sweden, wakaonyesha kwamba ndani ya takataka hizo mna RNA, maandishi ya kijenetiki, na kwamba seli inayoyapokea inaweza kuyafanyia kazi. Kumbe zilikuwa barua.

Kwa hoja yetu jaribio lenye maana zaidi ni la mwaka 2016, lililofanywa Ghent, Ubelgiji. Panya walisababishiwa uvimbe wa mwili mzima, si wa kichwani. Ndani ya ubongo kuna tishu maalumu inayotengeneza maji ya uti wa mgongo, nayo hukaa mpakani, upande mmoja damu, upande mwingine maji hayo. Watafiti waliona kwamba tishu hiyo, mwili ulipoanza kuugua, ilizidisha kumwaga vifuko ndani ya maji ya ubongo, na vifuko vikapokelewa na seli za ndani, zikabadilisha kazi yake. Mwili ulikuwa umeugua huku chini, na habari imefika juu bila mdudu yeyote kuvuka mpaka. Wengine wameonyesha habari ikienda kinyume, seli za ubongo zikitoa vifuko vinavyoishia kwenye damu, na sasa wanabishana vikali juu ya namna ya kuvitambua kwa uhakika ili vitumike kugundua mapema maradhi ya usahaulifu. Ukichanganya na yale ya zamani, mishipa ya fahamu na homoni, unapata picha ya mwili na ubongo vinavyoandikiana mchana na usiku. Katika picha hiyo sentensi isemayo “si ya mwilini, ni ya akilini tu” haina mahali pa kukaa.

Hapa atasimama mpinzani, na ana haki: je, huku si kumfukuza mdudu mlangoni na kumwingiza kifuko dirishani? Madaktari wa 1962 walitaka mhalifu mmoja wakamkosa. Wewe miaka 60 baadaye unamletea Kashasha mhalifu mpya, wa kisasa, ambaye hakuna aliyempima huko wala atakayempima. Pingamizi hili lingeniangusha kama ningesema vifuko vilisababisha kicheko. Sisemi hivyo, na asemaye hivyo anatunga. Vifuko husafiri ndani ya mtu mmoja. Havikuruka kutoka Kashasha kwenda Nshamba. Thamani yake katika hoja ni ya namna nyingine: vinaonyesha kwamba maji yanayoitwa safi yanaweza kuwa yamejaa mazungumzo, na kwamba kukosekana kwa kimelea hakutuambii chochote kuhusu mazungumzo hayo. Hofu ya msichana wa bwenini ni tukio la mwili, lina kemia yake, lina mboni zake zilizopanuka. Kuwa na chanzo katika yale aliyoyaona na kuyasikia hakuifanyi hali hiyo kuwa ya bandia, kama vile kuumwa tumbo kwa sababu ya msiba hakulifanyi tumbo lisiume.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza. Ikiwa ulikuwa ugonjwa wa kweli, mbona ulichagua? Walimu hawakuupata. Ripoti inasema watu wenye elimu na vyeo hawakuupata. Uliwapata wanafunzi na vijana wa vijijini. Ugonjwa gani unaouliza cheo? Jibu ni kwamba maradhi yote yanauliza kitu fulani. Muleba imeteseka sana na malaria, na hapohapo Muleba mtoto mwenye kurithi jeni moja ya selimundu huumwa malaria kali kwa nadra kuliko jirani yake anayelala kitanda cha pili, kwa mbu walewale. Hakuna anayesema kwa hiyo malaria ni mambo ya akilini. Kinga ya mwalimu wa Kashasha haikuwa katika damu, ilikuwa katika nafasi yake: yeye ndiye mwenye ufunguo, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kutoka. Hilo linatueleza ni kina nani waliokuwa wazi kuguswa, si kwamba walioguswa walikuwa waongo. Na wale wanaopenda kusema ilikuwa tabia ya wasichana, kwa vile neno histeria lenyewe limetoka kwenye neno la Kigiriki la tumbo la uzazi, wasome habari za Nshamba: kule waliopatwa walikuwa wa jinsia zote mbili.

Kuna maelezo ya tatu yanayopendwa sana siku hizi, kwamba uhuru ndio uliowavuruga vijana, wakasongwa na matumaini mapya ya wazazi na walimu. Yanapendeza kwa sababu ya hesabu ya zile siku 52. Lakini uhuru ulifika Lindi na Kigoma siku ileile ulipofika Bukoba, na kule shule hazikufungwa kwa vicheko. Zaidi ya hapo, mwaka 1964 daktari wa akili wa Uganda, Benjamin Kagwa, aliandika katika jarida la tiba la Afrika Mashariki kuhusu matukio ya jamii hiyo upande wa Uganda, mengine ya kukimbia ovyo badala ya kucheka. Uhuru unaweza kuwa kuni mojawapo. Hautoshi kueleza kwa nini moto ulipita njia hii na si ile.

Na njia yenyewe inajulikana, tena ndiyo sehemu yenye mafunzo kuliko zote katika ripoti. Shule ya Kashasha ilipofungwa 18 Machi, wasichana walirudishwa kwao. Siku kumi baadaye kicheko kikaonekana Nshamba, nyumbani kwa baadhi yao, na katika Aprili na Mei watu 217 walipatwa katika eneo lenye wakazi wapatao 10,000. Juni kikafika shule ya wasichana ya Ramashenye, kando ya mji wa Bukoba, ambako kati ya tarehe 10 na 18 wanafunzi 48 kati ya 154 walishikwa, shule ikafungwa. Msichana mmoja wa Ramashenye akarudi kijijini kwao Kanyangereka, na waliofuata walikuwa jamaa zake wa karibu, kisha majirani, kisha shule za pale. Kila shule iliyofungwa ilifungua njia mpya. Usimamizi ulifanya kile ambacho busara ya kawaida ingeshauri, kuwatawanya watoto, bila kutambua kwamba watoto ndio waliokuwa barabara.

Lakini kuwatawanya peke yake hakutoshi kueleza. Katika nchi ya Wahaya, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, mgonjwa haachwi peke yake. Akifika nyumbani kati ya migomba, habari zinamtangulia; shangazi anakuja, majirani wanakuja, watu wanaketi kumjulia hali, na asiyekuja ataulizwa siku nyingine kwa nini hakuonekana. Kwa ugonjwa ulioenea kwa kuona na kusikia, hakuna mazingira bora zaidi ya kuenea. Jicho lililomwona binamu anacheka huku analia, sikio lililosikia kwamba kuna mtu anamfukuza, vilikuwa milango ambayo habari iliingilia, na mwili wa mgeni ukajibu usiku ule au kesho yake. Ripoti inasisitiza kwamba kila mgonjwa alikuwa amekutana na mgonjwa mwingine siku za karibuni. Daktari wa malale angelitambua umbo hilo mara moja: vijana wa Kiziba waliorudi kutoka Uganda, wasichana wa Kashasha waliorudi Nshamba, safari ya kurudi nyumbani ikibeba kitu. Tofauti ni kwamba kwa malale kilichobebwa kilikuwa na umbo la kuonekana, na kwa kicheko kilichobebwa kilikuwa ni hali nzima ya mtu, uso wake na sauti yake.

Jina Kanyangereka, kama ripoti inavyoliandika, yaelekea ni kata ya Kanyangereko tunayoijua leo katika Bukoba Vijijini. Machi 2023 kata hiyo, pamoja na jirani yake Maruku, ilitajwa tena katika habari za dunia, safari hii kwa virusi vya Marburg: wagonjwa tisa, vifo sita, na mlipuko ukatangazwa umekwisha tarehe 2 Juni. Pale maabara iliulizwa swali ikalijibu, na kwa sababu ililijibu watu waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa nyumba kwa nyumba hadi mnyororo ukakatika. Ni kazi ya kusifiwa, nayo inaonyesha ubora wa swali la mdudu pale mdudu alipo. Lakini hebu tazama: ufuatiliaji wa nani kamtembelea nani, uliookoa watu mwaka 2023, ndio huohuo ambao Rankin na Philip waliufanya kwa kalamu na karatasi mwaka 1962. Walichora mnyororo kamili, kutoka bwenini hadi kijijini hadi shule ya pili. Walikuwa na ramani ya ugonjwa mkononi, na hawakuwa na kitu cha kuweka mwanzoni mwake.

Walipofika mwisho wa maandishi yao walipendekeza kwamba ilikuwa histeria ya umati, kwa watu waliokuwa tayari kuguswa. Kisha, katika kulimalizia wazo hilo, wakaongeza kwamba huenda sura yake imeamuliwa na utamaduni, na kwa kusema hivyo wakalazimika kutafuta jina la kitu chenyewe. Jina waliloandika ni ugonjwa.